Nchi Haina Watu, Shosho Hana Ploti

Wasee, wiki jana niliomba uraia wa nchi ambayo haitaki watu. Sichezi.

Inaitwa Flandrensis. Ilianzishwa 2008 na Mbelgiji mmoja, Niels Vermeersch. Aliangalia ramani ya Antaktika, akaona visiwa vitano, Siple, Cherry, Maher, Pranke na Carney, akasema hivi ni vyangu. Bendera iko, noti ziko, vitambulisho viko, na raia ni mamia kutoka nchi tofauti. Kule kwenyewe hakuishi mtu, na ndivyo wanavyotaka: barafu na wanyama tu, binadamu wakae mbali. Hakuna serikali inayowatambua. Mkataba wa Antaktika wa 1959 umekataza madai mapya ya ardhi. Lakini kichekesho hicho kinafanya watu waongee kuhusu barafu inayoyeyuka, na ni barafu wanataka iongelewe.

Mimi nikaona content. Nitatangaza Jamhuri ya Ziwa Nakuru, mimi rais, bendera ni shuka yangu ya pinki juu ya flamingo. (Flamingo wenyewe wengi walihamia Bogoria, maji yakizidi chumvi inapungua na ule mwani wanaokula unakosekana. Jamhuri bila raia, kama ya Mbelgiji.)

Skripti yangu ilisema ziwa limepanda kwa sababu barafu ya Antaktika imeyeyuka. Beshte yangu anayesoma jiografia, yeye hakuacha chuo kama mimi, alinicheka vibaya. Ziwa liko zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari, halina mto wa kutoka, barafu ya huko ingelifikiaje? Ni mvua, akaniambia, pamoja na udongo unaoshuka kutoka milimani msitu ukikatwa. Dunia ikipata joto hewa inabeba maji mengi zaidi, kwa hivyo ikimwaga, inamwaga kweli. Kama nataka barafu, niangalie Mlima Kenya: Lewis, ile kubwa ya pale juu, ilipoteza kama asilimia 90 ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010. Nilifuta skripti nikiwa nimeona haya.

Bado nikaenda Mwariki kushoot. Shosho akasema anakuja.

Ploti yake ilikuwa pale. 2020 maji yaliingia jikoni kwanza, halafu kwa kitanda, na sasa amekodisha chumba kimoja upande mwingine wa mji. Ziwa lilikuwa kama kilomita za mraba 40 mwaka 2010. Miaka kumi baadaye lilikuwa limepita 60, na geti kuu la zamani la mbuga likawa ndani ya maji. Hizo namba nilikuwa nazijua tangu zamani. Sikuwa nimewahi kusimama hapo na shosho.

Alinionyesha mti wa avokado uliokauka, umesimama kwa maji. "Huo ndio mpaka na jirani." Akahesabu hatua hewani kwa kidole: hapa choo, hapa kuku, hapa babu yako alikuwa anaweka baiskeli. Halafu akafungua mfuko wa plastiki akatoa title deed. Anatembea nayo. Imekunjwa mara nne, na jina lake liko pale, namba ya ploti iko pale, muhuri uko pale.

Nikamweleza kuhusu Mbelgiji, nikidhani atacheka. Alisikiza hadi mwisho.

"Kwa hivyo yeye ana ardhi isiyo na watu, na karatasi haina maana."

"Ndio shosho."

"Na mimi karatasi yangu ni ya serikali."

Sikuwa na jibu. Shuka ilikuwa bado kwa bag, sikuitoa. Video haipo, kwa wale mnauliza kwa DM. Sikuweza kujiita rais juu ya jikoni ya mtu.

Flandrensis siwaonei. Mtu kuchora mstari kwenye ramani na kusema hapa tusiguse, ni sawa, hata naipenda. Ila hao wanahesabu barafu, na hapa kwetu sijaona anayehesabu watu wa Mwariki kwa sauti hiyo.

Usiku nilimalizia ile fomu ya uraia. Shosho alikuwa anachungulia simu nyuma yangu.

"Niandikishe na mimi," akasema. "Lakini uwaulize kwanza kama kuna baridi."