Bustani ya kutazamwa dirishani

Sisi tukitaja vuli huwaza mvua za Oktoba hadi Desemba, matope na matatu zilizokwama. Kule Japani miezi hiyo ina sura nyingine kabisa. Baridi huanza kuuma, na majani ya miti iitwayo momiji hugeuka mekundu kama pilipili iliyoiva, kisha yakapukutika. Endapo utajaaliwa kufika huko katikati ya Novemba, usiishie Tokyo. Panda gari moshi hadi mji mdogo wa Yasugi, mkoa wa Shimane, magharibi mwa nchi. Hapo stesheni kuna basi la bure litakalokufikisha Makumbusho ya Sanaa ya Adachi kwa dakika 20 hivi.

Mwasisi wake, Adachi Zenko, alikuwa mtoto wa mkulima, mzaliwa wa papo hapo, mwaka wa 1899. Katika ujana wake alivuta mkokoteni wa makaa kwa ujira, mwendo wa kilomita 15 hadi bandarini. Kisha akapata wazo: mbona asinunue makaa ya ziada na kuwauzia watu wa njiani? Pato lake likawa maradufu. (Wauza makaa wa mitaani kwetu hawatashangaa.) Baadaye alifanya biashara ya nguo na ya ardhi na majumba huko Osaka, na mwaka wa 1970, akiwa na miaka 71, akafungua makumbusho haya kwao.

Sasa jiandae. Bustani hii ina ukubwa wa mita mraba 165,000, lakini huruhusiwi kuikanyaga. Hakuna kutandika leso nyasini, hakuna watoto kukimbizana. Unaitazama hasa kupitia vioo. Kwa mtu aliyezoea Uhuru Park, hilo huonekana kama kunyimwa chakula ulichokaribishwa.

Hata hivyo, simama kidogo. Tazama misonobari iliyopunguzwa kwa mkasi, changarawe nyeupe, momiji zikiwaka katikati ya kijani kibichi, na milima ya mbali ikifunga mandhari yote. Mahali pamoja ukuta umetobolewa, na shimo lenyewe likawa fremu: picha iliyomo ni bustani hai, inayobadilika jua likisogea. Yale maporomoko ya mita 15 unayoyaona kule yasikudanganye. Yalitengenezwa na binadamu mwaka wa 1978.

Aidha, uzuri huo una jasho lake. Kila asubuhi, kabla ya wageni kuingia, watunza bustani na wafanyakazi wengine hushika mifagio. Miti ya akiba nayo hukuzwa kando ili msonobari ukifa, pengo lizibwe upesi. Nani angeweza kudumisha hayo iwapo sote tungepita mle na viatu vyetu?

Ndani mna takriban kazi 120 za mchoraji Yokoyama Taikan, aliyefariki mwaka wa 1958. Iliyo bora kwa msimu huu, kwa maoni yangu, ni jozi ya viwambo vya kukunjwa alivyovichora mwaka wa 1931: matawi ya momiji mekundu juu ya maji ya buluu iliyokoza. Picha hubadilishwa kila msimu, na hiyo kwa kawaida hutolewa wakati wa vuli. Ukiikuta, itazame kwanza, halafu rudi dirishani.