Kila mkono na mazoezi yake

Sisi wa internati tulikaa muhula mzima na wagonjwa wawili wa mkono. Mmoja alianguka toka juu ya muti wa avoka, akavunjika kifundo cha mkono. Wa pili alikatwa na panga siku ya kazi za mikono. Mishipa yenye kukunja vidole viwili ikakatika, munganga akaishona.

Watu husema mkono ni mkono, dawa ni moja. Hapana. Wa kwanza, plasta ilipotoka kisha majuma 6, mkono ulikuwa mugumu kama ubao. Aliambiwa autie katika maji ya vuguvugu, afinye udongo laini, agusishe kidole gumba na kila kidole, mara nyingi kwa siku. Wa pili alikatazwa hata kubeba ndoo. Mushipa wenye kushonwa ukivutwa kwa nguvu mbele ya kupona, unakatika tena. Ukikaa bila kutembezwa, unashikamana na nyama. Basi alifungiwa kibao, na vidole vilitembezwa polepole, vile munganga alionyesha. Kazi ya nguvu ilingoja karibu majuma 12.

Munganga aliwauliza pia: « Unataka mkono ufanye nini? » Mmoja alijibu biki, maana mtihani wa Serikali ulikuwa karibu. Mwingine, mwana wa mushonaji, alijibu sindano. Mazoezi yakafuata kazi.

Sisi tuliwaandikia kaye, tukawachotea maji. Mazoezi hatukuweza kuwafanyia. Wa kwanza aliandika mtihani mwenyewe. Wa pili, kidole kimoja hakijikunji vema mpaka leo, lakini sindano anakamata.

Wenzetu, plasta kutoka si kupona. Kila mutu afanye mazoezi yake, si ya jirani.