Kigingi Kisitangulie Shauri

Barua kutoka Manchester

Baba yangu mdogo,

Baridi ya huku ingali ikiuma, na kila asubuhi nitazamapo ukungu ulioketi juu ya mapaa ya Manchester hunijia ukungu wa kwetu Mponde, katika milima ya Usambara, ule unaopanda taratibu kutoka mabondeni na kuyafunika mashamba ya chai, hata sauti za wachumaji zikasikika kabla wenyewe hawajaonekana.

Muradi wa waraka huu ni swali lako la Jumapili. Uliniambia kwenye simu kwamba wamepita watu wenye futi kamba, wakapima kutoka ukingo wa barabara hadi karibu na kizingiti cha jiko la mama mdogo, wakapigilia vigingi, kisha wakapanda gari lao wakaelekea Bumbuli pasipo kusema wametumwa na nani wala kwa ajili gani; ukaniuliza, je, huko ugenini halmashauri ya mji ikitaka kupitisha njia au kujenga majumba, hufanyaje? Nilikujibu kwa maneno machache, kwa kuwa jambo zito halisemeki vyema kwenye simu inayokatika, na leo ninalipa deni la jibu hilo mbele ya wasomaji wa barua hizi, maana najua kigingi kama hicho hakikupigiliwa uani kwako peke yako.

Mji huu unaongozwa na madiwani 96 waliochaguliwa kutoka kata 32, na katika mambo ya ujenzi msingi wao ni sheria ya mwaka 1947, iliyoweka kwamba mwenye kiwanja, awe tajiri au maskini, hajengi mpaka apate idhini ya halmashauri. Mtu akiomba kujenga jambo kubwa, tangazo hubandikwa kwenye nguzo ya taa mtaani, nalo humwambia mpita njia ni kitu gani kinachokusudiwa, ramani zake zinasomwa wapi, na ya kuwa anazo siku 21 za kuandika rai yake. Shauri linapofika kwenye kamati, taarifa ya wataalamu huwa imekwisha kutolewa siku kadhaa kabla, na raia huruhusiwa kusimama na kunena kwa dakika chache zinazohesabiwa kwa saa.

Mimi nimewahi kuketi katika kikao kama hicho, siku lilipojadiliwa jengo la ghorofa karibu na mtaa wangu. Jirani yangu mmoja, bibi mtu mzima, alisimama na karatasi ikitetemeka mkononi, akaeleza kwamba jengo lile litamnyima jua la alasiri na kwamba zahanati ya mtaa imekwisha kuelemewa na wagonjwa. Kamati ilimsikiliza kwa adabu, ikamjibu hoja moja baada ya moja, kisha ikapitisha jengo. Alishindwa, walakini alitoka akijua ameshindwa kwa sababu zipi, na nani kazitoa, na zimeandikwa wapi. Na tangu siku ile nimefahamu kwamba mtu huweza kuvumilia hukumu isiyompendeza kuliko kuvumilia hukumu asiyoijua.

Usidhani, baba mdogo, kwamba ninakusifia Ulaya kama pepo, maana mji huu huu umepata kutenda kinyume cha hayo, na gharama yake inasimuliwa hadi leo. Kusini kidogo ya katikati ya mji pana mtaa uitwao Hulme, ambao nyumba zake za safu za karne ya 19 zilibomolewa kwa wingi, na mwaka 1972 yakakamilika mahali pake majengo manne marefu yaliyopinda mfano wa mwezi mwandamo, yakapewa majina ya wasanifu mashuhuri, na maelfu ya watu wakapewa funguo. Wachoraji walidhani wameujengea mji fahari ya vizazi. Wakaazi wakakuta unyevu ukutani, wadudu jikoni, vibaraza vya juu vyenye hatari kwa watoto, na mitambo ya kupasha joto ambayo, bei ya mafuta ilipopanda duniani mwaka 1973, haikuwashika tena kwa mshahara wa kibarua. Haikupita miaka mingi familia zenye watoto zikaanza kuhamishwa, na katika miaka ya mwanzo ya 1990 majengo yote manne yakaporomoshwa. Yaliyokusudiwa kudumu vizazi hayakumaliza hata robo ya karne. Ndipo mtaa ulipojengwa upya, safari hii wakaazi wakishiriki katika mashauri, na njia za kawaida zenye milango inayotazama barabarani zikarudi.

Katika usafiri pia mji umejifunza kwa muda mrefu. Tangu Oktoba 1986 mabasi ya Uingereza, nje ya London, yaliachwa mikononi mwa makampuni, kila moja likajichagulia njia yenye faida na nauli liliyoipenda, hata vitongoji vya wazee na maskini vikawa vinapitiwa kwa nadra, na jioni visipitiwe kabisa. Sheria ya mwaka 2017 ilipofungua mlango, halmashauri kumi za Greater Manchester ziliazimia kuyarudisha mabasi chini ya mamlaka ya umma. Wananchi wakaulizwa mara mbili, meya Andy Burnham akatoa uamuzi mwezi Machi 2021, baadhi ya makampuni yakaupinga mahakamani yasifaulu, na tarehe 24 Septemba 2023 mabasi ya kwanza yaliyopakwa rangi ya manjano, yakichukua alama ya nyuki ambaye ni nembo ya mji, yakaanza kazi Bolton na Wigan, kisha yakaenea mahali pote Januari 2025. Safari ile ilikuwa ndefu, na wengi tulinung'unika kwa kungoja, lakini uamuzi uliopita katika mikono mingi kiasi hicho si rahisi kupinduliwa na upepo mmoja.

Sasa turudi nyumbani, maana Hulme isingenishtua hata chembe kama nisingekuwa mjukuu wa Shambaai, nchi ya Wasambaa. Wewe ndiwe uliyenisimulia habari za matuta: jinsi serikali ya kikoloni, baada ya majaribio ya Mlalo yaliyoanza mwaka 1946, ilivyoleta Mpango wa Usambara mwaka 1950, ikaamuru mashamba ya miteremko yachimbwe matuta, na asiyechimba apelekwe barazani atozwe faini. Kusudi lenyewe lilikuwa na haki ndani yake, kwa kuwa udongo wetu ulikuwa ukichukuliwa na mvua kweli kweli. Lakini mwenye jembe hakuulizwa, na mwenye jembe aghalabu alikuwa mwanamke, ambaye alichimba na mtoto mgongoni, akaona udongo mbaya wa chini ukipinduliwa juu ya udongo mwema, na moyoni akahofu kwamba ardhi inatayarishwa ili aje apewe mtu mwingine. Watu wakakataa, chuki dhidi ya matuta ikatia nguvu siasa za kudai uhuru, na kufikia mwaka 1957 mpango ukawa umekufa.

Lakini tazama kilichofuata baada ya uhuru. Mapema katika miaka ya 1980 ulikuja Lushoto mradi wa hifadhi ya udongo, ukisaidiwa na Wajerumani, wenye kusudi lile lile juu ya miteremko ile ile. Nao ukahimiza kupanda majani ya guatemala kwa mistari ya kukinga mlima, majani ambayo hushika udongo na tena hulisha ng'ombe wa zizini. Mama yule yule aliyeyachukia matuta, au binti yake, aliyapanda majani kwa hiari, kwa sababu faida yake aliiona jioni katika kibuyu cha maziwa. Wazee wetu walikuwa na maneno mawili ya kupimia utawala: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, yaani kuidhuru. Nami naona kwamba jambo moja lililo jema laweza kuwa hili au lile, kwa kadiri ya namna lilivyomfikia mwenye kulibeba.

Nisieleweke kwamba naipinga barabara, ikiwa ndiyo iliyoleta vigingi vile. Hasha! Nani wa Mponde atakayeipinga? Jani bichi la chai halina subira; likichumwa asubuhi sharti lifike kiwandani ndani ya saa chache, na lori likinasa katika tope la masika jasho la siku nzima huungua ndani ya magunia. Tumeonja uchungu wa kiwanda chetu cha chai kufungwa mwaka 2013 kwa mgogoro, na tukangoja hata serikali ikakitwaa tena mwaka 2016. Hatuna haja ya kuonja tena uchungu wa chai kufia njiani. Viazi, mboga, plamu na peasi vyetu kadhalika vinaingoja barabara ya Soni na Bumbuli, na ile ya kuteremka Dindira hadi Korogwe, kwa lami ambayo baba zetu waliahidiwa nasi tukaahidiwa. Barabara ni dawa. Ninachosema ni kwamba hata dawa mgonjwa huambiwa jina lake.

Kwa hiyo, baba mdogo, yako maswali ya kuuliza kabla ya kukasirika. La kwanza ni barabara ile iko chini ya nani. Kwani barabara kuu na za mkoa zimo mikononi mwa TANROADS, na zile za wilaya na vijiji, tangu Julai 2017, zimo mikononi mwa TARURA wala si za halmashauri tena, hivyo diwani wetu anaweza kuomba na kuhimiza lakini si yeye anayetoa amri ya greda. Tena usiulize kama mwombaji, maana tangu mwaka 2021 kila lita ya petroli na dizeli inayouzwa nchini imebeba shilingi 100 za ziada kwa ajili ya barabara hizo, na hata kijana wa bodaboda anayekuleta kutoka gulioni ni mchangiaji wake. La pili ni mipaka: sheria ya barabara ya mwaka 2007 imezipa barabara kuu na za mkoa hifadhi ya mita 30 kila upande, kipimo ambacho tambarare hakina taabu, lakini kwetu, ambako ardhi iliyo sawa ni ule ukanda mwembamba uliopitiwa na njia, mita 30 ndiyo nyumba, jiko, zizi na kaburi la babu. La tatu ndilo zito kuliko yote, nalo watu wa barabara wenyewe husema kwa maneno mepesi: wewe uliifuata barabara, au barabara imekufuata? Aliyeifuata huwekewa alama ya X nyekundu na kuondoka bila kitu. Aliyefuatwa huwekewa ya kijani, na haki yake ni fidia. Jiko lile lilijengwa lini, na ni nani atakayetoa ushahidi? Tafuta karatasi na mashahidi sasa, wakati wazee wangali hai.

Nimeacha mwisho jambo lililonifanya nishike kalamu. Yule bibi jirani yangu, pamoja na sheria zote za mji wake, alipewa dakika chache za kusema na hakupewa kura. Wewe sheria imekupa zaidi. Kila mkaazi wa kijiji aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji, unaopaswa kukutana kila miezi mitatu. Halmashauri ya kijiji haina ruhusa ya kugawa ardhi pasipo ridhaa ya mkutano huo. Na mapato na matumizi sharti yasomwe mbele yake. Nchi yetu iliwahi kukaa bila ya halmashauri za wilaya, zilipovunjwa mwaka 1972 kwa jina la Madaraka Mikoani, na zikarudishwa mwaka 1984 kwa sababu ilidhihirika kwamba shimo la barabara ya kijijini halionekani vyema kutoka mbali. Kilichorudishwa kwa tabu hiyo tunakitupa kwa uvivu, tunapoacha viti vya mkutano vikakaliwa na watu kumi na tano na wengine tukangoja kusikia habari dukani. Penye viti vitupu uamuzi haukosi kupita. Hupita upesi zaidi.

Nakusihi, basi, umwone mtendaji wa kijiji umwombe kwa maandishi jambo la vigingi liingizwe katika agenda, na waliopima waalikwe waje kueleza mbele ya watu, na majibu yao yaandikwe katika muhtasari. Na siku ya mkutano ikitangazwa, usiende peke yako. Nenda na mama mdogo, naye aketi mbele na aseme kwa kinywa chake, kwa kuwa jiko lililopimwa ni lake.

Wako mtiifu, mwanao, aliye Manchester.