Cheshire: Chumvi inayookoa watoto na kula gari la babu

CHINI ya mji mdogo wa Winsford, katika jimbo la Cheshire, kaskazini magharibi mwa Uingereza, kuna barabara ambazo mpita njia hazioni. Ni mahandaki ya mgodi wa chumvi, zaidi ya mita 100 chini ya ardhi. Chumvi hiyo iligunduliwa mwaka 1844 na watu waliokuwa wakitafuta makaa ya mawe. Kazi yake kubwa leo si ya jikoni. Ina rangi ya kahawia iliyochanganyika na wekundu wa udongo, na kila msimu wa baridi hupakiwa kwenye malori na kumwagwa barabarani ili barafu isigande.

Kwa mzazi anayempeleka mtoto shule saa mbili asubuhi mwezi Desemba, jua halijachomoza bado, chumvi hiyo ni rehema. Kwa mwenye gari la zamani, ni adui. Na mara nyingine watu hao wawili ni mtu mmoja.

Nchi ya chumvi

Chumvi ni historia ya eneo hili. Warumi walipofika Middlewich waliuita mji huo Salinae, yaani mahali pa chumvi. Kwa karne nyingi watu walichota maji ya chumvi ardhini na kuyachemsha, kama ilivyofanyika Uvinza, Kigoma. Huko Northwich, uchimbaji ulisababisha ardhi kutitia na nyumba kuzama. Wenyeji wakajenga majengo ya fremu za mbao, ili ardhi ikishuka yainuliwe kwa jeki.

Ukitoka hapo kuelekea mashariki unafika Macclesfield, na kutoka Macclesfield barabara ya A537 inapanda milima kwenda Buxton. Watu huiita Cat and Fiddle, jina la baa ya zamani iliyojengwa huko juu, zaidi ya mita 500 kutoka usawa wa bahari. Kona ni nyingi, miti ni michache na upepo hauna kizuizi. Theluji ikizidi, barabara hufungwa.

Siku za kawaida za baridi, malori ya chumvi hupita jioni kabla barabara haijaganda. Asubuhi lami inakuwa na weupe kama imepakwa chokaa. Gari likipita, maji ya chumvi yanaruka hadi chini ya bodi na kuingia kila penye tundu.

Morris Minor na kutu

Miongoni mwa magari ya zamani yanayopendwa Uingereza ni Morris Minor, lililobuniwa na Alec Issigonis na kutengenezwa kuanzia mwaka 1948 hadi 1971. Yalitoka zaidi ya milioni 1.6. Wazee wengi wa Afrika Mashariki wanalikumbuka kwa umbo lake la mviringo.

Gari hilo halina chesisi ya kujitegemea kama ya lori. Nguvu yake imo kwenye bodi yenyewe: sakafu, kingo za chini ya milango na vyuma vinavyoshika springi za nyuma. Ndiyo maana kutu ya sehemu hizo si suala la urembo. Inapunguza uimara wa gari zima.

Kutu huhitaji chuma, hewa na maji. Chumvi huharakisha kazi hiyo kwa sababu maji yenye chumvi hupitisha umeme vizuri zaidi, na kutu ni mabadiliko yanayoendeshwa na umeme mdogo ndani ya chuma. Tena chumvi hufyonza unyevu hewani, hivyo chuma hakikauki haraka. Gari lililoingizwa kwenye gereji yenye joto likiwa bado na tope la chumvi linaweza kuoza haraka kuliko lililoachwa kwenye baridi kavu.

Kinga inaanza kabla ya baridi

Kazi kubwa hufanyika wakati hali ya hewa bado ni kavu. Gari huoshwa chini, huachwa likauke kabisa, kisha hupakwa nta maalumu ya kuzuia kutu au mafuta yatokanayo na sufu ya kondoo. Nta hupulizwa pia ndani ya milango na kingo zake. Kuipaka juu ya chuma chenye unyevu ni kuufungia unyevu ndani.

Lami nyeusi ya zamani iliyopakwa chini ya gari nayo ichunguzwe. Ikipasuka, maji hupenya nyuma yake na kutu huendelea bila kuonekana.

Msimu ukianza, mambo manne husaidia:

• Osha chini ya gari kwa maji safi kila baada ya safari ya barabara yenye chumvi. Mpira wa bustani unatosha. Presha kubwa husukuma maji ndani ya maungio.

• Zibua matundu ya kutolea maji chini ya milango.

• Inua mazulia. Zulia lililolowa huozesha sakafu kutoka ndani.

• Epuka safari fupi mno. Ekzosi isipopata moto vizuri, maji hubaki ndani yake na kuitoboa.

Kiti cha nyuma

Uingereza, gari lililotimiza miaka 40 na ambalo halijabadilishwa sana halilazimiki kufanyiwa ukaguzi wa kila mwaka. Lakini sheria bado inamtaka mwenye gari ahakikishe ni salama. Kwa hiyo huenda hakuna mkaguzi atakayeinama kuitazama sakafu ambayo watoto wanawekea miguu. Jukumu hilo ni la mzazi, na busara ni kulipeleka gari kwa fundi kila mwaka hata kama halilazimiki.

Tundu kwenye sakafu pamoja na ekzosi iliyooza huweza kuingiza ndani hewa ya sumu isiyo na harufu. Watoto wakilalamika kichwa kinauma safarini, simamisha gari, toka nao nje, na usiendelee na safari hadi likaguliwe.

Mikanda nayo ina sheria. Gari lililotengenezwa bila mikanda haliruhusiwi kubeba mtoto wa chini ya miaka mitatu. Wenye umri zaidi ya huo hukaa nyuma tu. Wazazi wengine hufunga mikanda, lakini mkanda uliofungwa kwenye chuma kilichooza hautamshika mtoto siku ya ajali.

Somo kwa wa huku

Anayenunua gari lililotumika Uingereza asiridhike na rangi inayong'aa. Aombe lipandishwe juu, atazame kingo, sakafu na mabomba ya breki. Na wakazi wa Mombasa, Tanga au Unguja hawahitaji theluji ili kuijua kutu. Upepo wa bahari huwaletea chumvi mwaka mzima.

Huko Cheshire, baadhi ya familia huliegesha gari lori la kwanza la chumvi linapopita, na kulitoa tena mvua za masika ya huko zikishaosha barabara. Nyingine huendelea kuliendesha, zikikubali kazi ya kuliosha katika baridi kali. Njia zote mbili hulinda gari. Linaloliua ni kuliendesha Jumapili na kuliacha na chumvi yake hadi Jumapili nyingine.