Programu Hizi Zimetoka Wapi?

Wiki hii wenzangu wanahangaika na maandalio ya masomo, mimi nakesha naihoji laptop yangu. Ni ya mtumba, ina Ubuntu, na muuzaji alijisifu kwamba "kila kitu kimo". Sasa hicho kila kitu nani alikiweka, na alikitoa wapi? Humo naingilia akaunti ya mkopo, humo kuna alama za wanafunzi wangu wa mazoezi ya kufundisha.

Kwenye Ubuntu programu nyingi huja kama vifurushi (si vya bando jamani!). Kawaida hutoka ghala rasmi mtandaoni, na orodha ya ghala hilo hutiwa saini ya kidijitali, hivyo apt inajua kama mzigo umechezewa njiani. Ila faili la .deb lenyewe kwa kawaida halina saini. Mtu akija nalo kwenye flash akaliweka kwa dpkg -i, hakuna anayemuuliza katoka wapi.

Nikaandika apt list --installed | grep ",local". Vikatoka vinne. Maana yake matoleo hayo hayapo kwenye ghala lolote ambalo mashine inalijua sasa. Si lazima yawe mabaya, pengine ni ya zamani tu na ghalani yameshaondolewa.

Kilichonishangaza ni hiki: dpkg haiandiki kifurushi kilitoka ghala gani. Jina, toleo, mtunzaji na mengine ya namna hiyo, ila ghala halimo. Ukiuliza apt policy vlc, inalinganisha toleo ulilonalo na yaliyomo ghalani leo. Yaani kama kumtambua mwanafunzi kwa sare tu! Fedora wana dnf, yenyewe inaweka kumbukumbu ya ghala tangu kifurushi kinawekwa. Kwa hili wametuzidi, nasema wazi.

Nikahamia /var/log/apt/history.log. Humo mna tarehe na amri yenyewe, ingawa kwa mpangilio wa kawaida kumbukumbu za zaidi ya miezi 12 hivi hufutwa. Vitatu nikavikuta: viliwekwa usiku mmoja, kutoka folda ya Downloads. Cha nne hakimo.

Rumeti akanicheka, "Kwani vya ghala rasmi ndio salama?" Swali zuri. Machi 2024 Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, aligundua mlango wa siri ndani ya xz 5.6.0 na 5.6.1, na matoleo hayo yalikuwa yameshaingia Debian ya majaribio kwa njia halali kabisa. Lakini chanzo kilijulikana, kwa hiyo tangazo lilipotoka watu walijua waondoe toleo gani. Hiki changu cha nne kikiwa na ubaya, nani atanitangazia?

Vile vitatu nimeshavifuta. Cha nne ni programu ya printa, na kesho nina kazi ya kuprinti, kwa hiyo kinalala humu usiku mmoja zaidi. Ijumaa nafuta mashine nzima naweka Ubuntu upya. Mwenye flash ya GB 8 anipitie chumbani, soda juu yangu.