Wosia kwa Vijana wa Jadida

Wanangu na wajukuu zangu,

Umri umekwenda, na kabla sijaondoka nina moja la kukuusieni: msidanganywe na ukijani wa msitu.

Mtu akifika Ras Kiuyu, kule Micheweni, huona kijani tupu akasema msitu ungali mzima. Ingieni ndani mtazame visiki. Ardhi ya kule ni maweni, udongo wake haba. Mti hushika mzizi kwenye tundu la jiwe lenye majani yaliyooza, basi, na hukua polepole mno. Mkataji naye huchagua. Hutaka ulionyooka, wa boriti na nguzo, kesho akarudia aina ile ile. Inayotakiwa hupungua, isiyotakiwa na mtu hujaza nafasi, na kwa mbali kijani ni kile kile.

Kisiki kikiachwa hai huchipua. Hiyo ndiyo rehema ya maweni. Kikichomwa moto ili palimwe, au mzizi wa mdaa ukifukuliwa wote kwa ajili ya rangi, hapachipui kitu.

Pemba yetu ilikuwa na misitu mikubwa. Mikarafuu ikaimeza, hasa baada ya kimbunga cha 1872 kuiangusha ile ya Unguja. Tumebakiwa na vipande. Katika msitu wa Ngezi, penye unyevu zaidi, upo mpapindi, mti ambao kwa asili yake hauoti pengine duniani ila Pemba. Tukiumaliza sisi, hakuna pa kwenda kuomba mbegu. Na popo wetu, naye wa kisiwa hiki peke yake, ndiye anayetawanya mbegu za miti usiku. Msimpige.

Sisi wa Jadida, mjini Wete, hatushiki shoka, lakini gunia la makaa hutuliwa mlangoni kwetu. Sheria ya Misitu ya 1996 imewafungulia wanavijiji njia ya kusimamia misitu yao pamoja na Serikali. Lakini mnunuzi hana wa kumsimamia. Muulizeni muuzaji kuni za makaa hayo zimetoka wapi. Za mkeshia au mvinje wa kupandwa, nunueni. Za hifadhini, mwacheni aende nazo hata akipunguza bei.

Kisha nendeni Micheweni, mfuatane na wazee wa huko kabla hawajamalizika. Kila mti andikeni jina lake, kazi yake na pahala unapoota.

Viunza vya kaburi langu vipasuliwe katika mwembe ule uliokauka uani. Asitumwe mtu Kiuyu.

Babu yenu