Wageni wa kusi

Rafiki yangu mmoja aliyeolewa Norway alinitumia video mwaka juzi, mwezi wa Disemba. Yumo ndani ya meli karibu na Tromsø, amevaa koti kubwa hadi uso hauonekani, na nyuma yake mkia mweusi wa nyangumi unazama taratibu. "Umeona?" anasema, meno yanagongana kwa baridi. "Nimelipa hela ya kiwanja kuja kumtazama huyu." Nilicheka, nikamjibu kwamba kwetu wanapita bure, na mwenye bahati anawaona akiwa na kanga na malapa.

Hakuniamini. Wala simlaumu, maana hata mimi, mtoto wa Unguja, niliingia miaka 30 na ushei sijamuona nyangumi kwa macho yangu. Sisi wa Mji Mkongwe bahari yetu ni ya Forodhani: watoto wanaojitupa majini, boti ya Dar ikiingia, harufu ya mishkaki. Nyangumi tulimjua chuoni, kwenye kisa cha Nabii Yunus. Alikuwa mnyama wa kwenye darsa. Haikunipitia akilini kwamba anaweza kuwa anapumua kilomita 50 na kitu kutoka nyumbani kwetu Malindi, huko kusini, kwa akina Ami.

Hawa wetu si wale wa Tromsø. Wetu ni nyangumi wa kibiongo wanaotoka Antaktika, ambako kiangazi cha huko hujaza matumbo kwa vijidudu mfano wa uduvi. Baridi ikishika wanapanda na pwani ya Afrika. Wako wanaoishia Msumbiji na Madagaska, wako wanaotufikia sisi, na wako wanaopitiliza hadi Kenya. Ni kama kilomita 6,000, kwenda tu. Wanakuja Julai, wanaondoka Oktoba au Novemba, yaani wanakuja na kusi, wakati ambao sisi tunalalamika baridi na kutoa masweta. Kwao hayo ndiyo maji ya moto. Mama anazaa huku, ananyonyesha huku, na muda wote huo hali chochote cha maana. Anaishi kwa mafuta aliyokuja nayo mwilini. Mzazi yumo ndani ya arubaini yake na hakuna wa kumpikia uji wa pilipili manga.

Mwaka jana jarida moja la nje la mambo ya safari liliniagiza makala: nyangumi wa Zanzibar. Malipo ya dola, kodi yangu ya miezi mitatu. Mhariri alitaka hasa kipande kinachoeleza namna mgeni anavyoweza kuogelea nao. Nikampigia simu Ami.

Ami ni mdogo wake baba, alizaliwa Kizimkazi 1963, mwaka mmoja kabla ya Mapinduzi. Ukimuuliza atakwambia utotoni kwake nyangumi hawakuwa wakionekana, na kwamba wazee waliwataja kama watu wanavyotaja jini: kwa sauti ya chini. Nilidhani ni chumvi za wavuvi, mpaka nilipokuja kusoma. Karne iliyopita meli za kuwinda ziliua nyangumi wa kibiongo zaidi ya 200,000 kwenye bahari za kusini ya dunia. Wakapewa hifadhi mwaka huohuo wa 1963, na bado meli za Urusi ya Kisovieti ziliendelea kuwaua kwa siri. Basi Ami alikulia kwenye bahari iliyokwisha kuchumwa. Aliokuja kuwaona ukubwani ndio kizazi kinachorudi.

Na kuwinda hakukuanza jana. Ambari ya pwani hii al-Masudi aliisifu tangu karne ya 10, na karne ya 19 Wamarekani walizunguka bahari hizi wakimsaka yule nyangumi wa ambari mwenye kichwa kikubwa. Mmoja wao, J. Ross Browne, alichoshwa na mateso ya melini akaiacha meli yake hapahapa Unguja; kitabu chake kilitoka 1846. Nilikisoma nikitafuta nyangumi, nikakuta zaidi malalamiko yake juu ya mji wetu.

Lakini kwetu nyumbani historia ni fupi na iko karibu zaidi. Babu yangu alikuwa akichoma pomboo kwa chusa. Nyama ilikatwa chambo cha papa, mafuta yakapakwa chombo. Hilo halikuwa jambo la kuficha Kizimkazi, ndiyo kazi ilivyokuwa. Ami, akiwa na miaka 12 au 13, ndiye aliyeshika kamba. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakaanza kuja watalii, pomboo aliye hai akawa na bei kuliko aliyekatwa vipande, na Ami akaachia kamba akashika mashine. "Analia kama mtoto mchanga," aliniambia mara moja. Hakurudia, nami sikuuliza tena.

Tulitoka Mkunguni asubuhi ya Septemba, jua halijashika. Abiria sita, Ami, kijana wake wa nanga, na mimi nimevaa sweta juu ya baibui na bado natetemeka. Kwanza tuliwakuta pomboo, na juu yao mashua, moja inawakatia mbele, nyingine inawafuata nyuma, watu wanatupwa majini kama magunia kila pomboo wanapoibuka. Watafiti waliowafuatilia pomboo wa Kizimkazi walikwisha kuonesha kwamba mashua zikizidi, wanapunguza kupumzika. Ukiwapo pale huhitaji mtafiti. Ami hakusimama. Alipokea simu, akaitikia "haya" mara mbili, akageuza chombo kuelekea nje, ng'ambo ya Pungume.

Mvuke ndio niliouona kwanza, nikadhani ni wimbi limegonga mwamba. Halafu mgongo, mrefu, unapita tu, unapita, hauishi. Na ubavuni kwake kitu kidogo cha kijivu, kidogo kwa kumlinganisha na yeye, maana chenyewe kilikuwa na urefu wa ngalawa. Ami akazima mashine, kama mita 100 kutoka kwao.

Nusu saa baadaye nilihesabu mashua tisa.

Mgeni mmoja, mzee wa heshima tu, wala hakuwa na ubaya, akaniambia kwa Kiingereza: mwambie nahodha asogee, wenzetu wanaingia majini. Nikamwambia Ami. Ami akasema: "Mwambie huyo mama amejifungua." Hapo ndipo nilipoharibu. Niliona maneno hayo mepesi mno kwa mtu aliyelipa dola, nikamtafsiria kwamba nahodha anasema sheria hairuhusu. Mzee akauliza, haki yake, mbona sheria hiyo inawaruhusu wale wanane? Akaongeza kwamba kwa pesa aliyotoa haoni kwa nini akae hapa anatazama watu wengine wakifurahi. Mkewe akasema jambo jingine, kali zaidi, ambalo halikuwa la kumfikisha Ami.

"Wanasemaje?"

"Wanauliza kama tutakaa sana."

Ami akanitazama. Mtu huyu amekaa na watalii miaka 30. Mimi mwenye digrii nilisahau kwamba naye ana masikio.

"Ndivyo walivyosema?"

Sikujibu. Akachukua kafi, akalizamisha, akaweka sikio kwenye mpini. Wavuvi wa zamani husikiliza hivyo. Akamwita binti mmoja katika wale abiria, akampisha kwa ishara. Binti akainama, akakaa hivyo muda mrefu, na alipoinuka hakusema kitu; akampa mwenziwe kafi. Nilipopata zamu yangu nilisikia zile mashine za wenzetu kwanza, zinakwaruza, na chini yake mbali sana mguno unaopanda na kushuka, wa dume mwingine aliyekuwa mahali tusipopaona. Mzee alikataa kusikiliza. Alipoinua uso tena, mama na mtoto walikuwa wamezama, na mashua nane zilikuwa zinazunguka maji matupu.

Pwani alidai pesa zake. Ami alimrudishia nusu, hakubishana. Kijana wa nanga alibishana kwa niaba yake, kwa lugha ya Kusini ambayo nashukuru hakuna aliyeniomba niitafsiri.

Makala niliiandika. Niliweka habari ya arubaini, nikaweka kafi, nikaweka na aya nzima juu ya kukaa mbali. Mhariri alisifu sana, akapunguza maneno, na aya iliyoondoka ndiyo hiyo ya kukaa mbali. Kichwa cha habari kilisema unaweza kuogelea nao. Ningeweza kukataa. Nilikuwa na siku mbili za kujibu, na kodi ilikuwa inasubiri, nikaandika "sawa". Pesa ilipoingia nilimtumia Ami ile nusu aliyomrudishia mzee. Alinipigia kuuliza za nini hizi. Nikamwambia za mafuta.

Mwaka huu sikwenda. Agosti alinitumia ujumbe wa sauti, upepo mwingi, nimeusikiliza mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Anasema wamefika mapema, na mashua juzi zilikuwa 14. Anasema kuna mgeni alikuwa na simu mkononi, anamwonesha makala yenye picha ya chombo chake. "Kaniuliza kama namjua aliyeandika," anasema Ami. Mashine inanguruma kidogo, halafu inazimwa. "Nikamwambia namjua, ni mtoto wangu."